Zamu ya Bi Mpima

Nandagala, 12 Februari 1950

Kwa binamu yangu Mbaruku bin Amri, dereva mashuhuri wa Nachingwea,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tuko wazima, isipokuwa jogoo wa mama yako, ambaye alipatwa na wageni siku ya Ijumaa. Shangazi Sofia anasema ukipata sukari huko usisahau kwamba uliwahi kuwa na mama. Baba anakusalimu kama mjomba anavyomsalimu mpwa wake, yaani anauliza kama unaswali.

Mimi mwezi huu nimetembea sana. Nimekwenda sokoni Ruangwa kuuza kuku, nikarudi tena kununua chumvi niliyoisahau. Nimefika Malolo kumwona Mwanaima, ambaye ameposwa na mtu wa Matambarale mwenye masikio makubwa na tabia nzuri. Kutoka Malolo nilirudi kwa miguu yangu, ule mzuri na ule mwingine, mvua ikanikuta katikati ya mihogo ya watu. Nililowa mpaka rangi ya kanga ikanihamia mwilini.

Sasa jambo lenyewe. Baba ametoka barazani kwa Akida Shaban, na wazee wanataka kutunga amri kwamba mtu yeyote asimwigize kilema kwenye ngoma. Vijana wanaorudi kutoka kwenye hayo mashamba yenu ya karanga ya Wazungu wanasimulia habari za mchekeshaji mmoja wa kambini. Eti kila Jumamosi anajifunga kanga na kujiita Bi Mpima, na akianza kutembea watu wanashika mbavu. Wewe unayejua watu wote wa Nachingwea, je, unamjua? Wanasema ni mwembamba, mrefu, ana pengo la jino la mbele. Nimejaribu kukumbuka katika ukoo wetu ni nani mwenye pengo, nimeshindwa.

Nijibu upesi, maana wazee wakianza kutunga amri hawajui pa kuishia.

Mimi mtani wako,
Kulthumu binti Bashiri


Nachingwea, 9 Machi 1950

Kwa Kulthumu, mke wangu wa utani (nami namshukuru Mungu kwamba ni wa utani tu),

Barua yako nimeipata kwa mwenye lori la chumvi, imelowa na kunuka samaki, lakini ukali wake haukupungua. Mimi sijambo. Mwambie mjomba naswali. Mwambie mama sukari iko njiani, ila asiulize njia gani. Kazi haituachi tupumue. Lori langu la maji linafuata makatapila kutwa, na makatapila yanaburuta mnyororo mmoja mnene unaolaza msitu mzima. Mti uliomkuta babu yako unaanguka kabla hujamaliza kusema bismillahi.

Kuhusu huyo Bi Mpima, namfahamu kidogo. Mapengo ni mengi duniani. Kichekesho chake nimekiona, nami nitakusimulia ili mjomba asihukumu asichokijua. Mzungu anatafuta mtu wa kumpimia shamba. Anatokea mwanamke anasema, "Mimi napima kwa hatua." Basi anapima, hatua moja ndefu, moja fupi, moja ndefu, moja fupi, anahesabu kwa sauti, na Mzungu yuko nyuma anaandika kila kitu. Mpaka unapinda kama utumbo wa mbuzi. Katapila likiufuata linazunguka na kurudi lilikotoka, na karanga zikija kuota zinaota barabarani. Watu wanaitikia, "Pima, Bibi, pima!" Hata Wazungu wenyewe hucheka, mmoja alitoa pakiti nzima ya sigara.

Sasa niambie, hapo anachekwa nani? Anachekwa yule anayeandika. Bi Mpima hana kosa, yeye ametembea tu kama alivyoumbwa.

Halafu nyie na amri yenu mmesahau sisi ni watu gani. Mtani akija msibani kwetu anaingia kaburini kabla ya maiti, analala, anasema hatoki mpaka apewe kitu. Anamtukana marehemu kwa ubahili wake na waliofiwa wanacheka huku machozi yanawatoka. Huyo naye Akida Shaban atamfunga? Basi ajiandae kuzika wafu wake peke yake.

Mwambie mjomba acheke kidogo. Meno hayaishi kwa kuonekana.

Wako mwenye lori,
Mbaruku


Nandagala, 16 Aprili 1950

Kwa binamu Mbaruku,

Tuko wazima. Kuku wa madoadoa ameatamia ndani ya kinu na hataki kushuka, tunatwanga kwa jirani. Mkorosho wa uani umepoteza tawi kwa upepo. Lile tawi lililoniangusha mimi utotoni halikudhurika hata kidogo, Mungu naye ana mzaha wake. Paka amezaa. Ukuta wa upande wa jikoni umetoboka, nami kwa tundu hilo nimegundua kwamba majirani nao hula kisamvu kila siku, ila wao wanaficha.

Watoto wa hapa wana wimbo mpya. Umetoka kwenu. Sikuandikii maneno yake kwa kuwa unayajua.

Ama kuhusu amri, karani ameiandika na Baba amekuja nayo nyumbani. Inasema hivi: Mtu yeyote asimwigize kwenye ngoma kiwete, kipofu, bubu, mkoma, mwendawazimu, mzee, wala Akida. Baba aliposoma hapo pa mwisho alidhani ni kosa la karani. Akamwuliza Akida Shaban, naye akajibu kwamba si kosa, kwani na yeye huigizwa sana kwa ajili ya tumbo lake, na jambo hilo humwumiza. Baba akasema tumbo si kilema. Akida akasema Baba hajawahi kulibeba.

Kwa hiyo, binamu, Akida wetu amejiandikisha kuwa kilema. Tunamkaribisha. Namngoja aje tukae naye hapa uani.

Karatasi itapelekwa kwa Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, aidhinishe. Baba ameniuliza mimi nina rai gani, eti katika nyumba hii mjuzi wa mambo haya ni mimi. Nikamwambia sina rai, nina unga wa kuchekecha.

Wako,
Kulthumu


Nachingwea, 28 Mei 1950

Kwa mjuzi wa mambo,

Nisamehe kwa kuchelewa. Lori lilizama kwenye tope tukakaa nalo siku nyingi kama mgonjwa, na tulipolitoa mimi nikawa mgonjwa. Sasa nimepona, nakula ugali wa kambi, na mwenye kula ugali wa kambi haogopi tena kufa.

Barua yako nimewasomea wenzangu hapa bwenini, ile sehemu ya Akida. Mmoja alianguka kitandani. Niliwaambia nini? Ukijenga kibanda ili mbuzi mgonjwa apate kivuli, fahali ndiye atakayeingia wa kwanza. Leo Akida, kesho karani wake, keshokutwa Mzungu wa mnyororo naye atasema amechoka kuchekwa, na mwisho wake tutabaki tunawacheka kuku. Amri ya kumlinda mnyonge ni nzuri masikioni, lakini anayeishika mkononi si mnyonge. Mwambie mjomba hayo, useme umeyafikiri mwenyewe, atafurahi.

Jumamosi iliyopita tulimwongeza Akida kwenye kichekesho. Anakuja kupimwa tumbo na Bi Mpima kwa hatua, na hatua zinaisha kabla ya tumbo. Ungekuwapo ungecheka mpaka ukae chini.

Mbona hukunieleza arusi ya Mwanaima? Nimesikia kwa mtu wa Matambarale kwamba ilifana, kulikuwa na wali, na bwana arusi alifungwa kilemba mpaka kwenye yale masikio. Wewe usiyeachwa na arusi, wewe unayekwenda Ruangwa kwa sababu ya chumvi, umeniandikia habari za paka.

Mume wako asiyelipa mahari,
Mbaruku


Nandagala, 18 Juni 1950

Kwa Mbaruku,

Mwezi wa Ramadhani umeandama, tunafunga. Mama yako anafunga kwa ukali, usiku anakuombea dua na mchana anakusema.

Umeandika "tulimwongeza Akida." Mimi sikusoma shule, nimesoma kwako tu, lakini ulinifundisha mwenyewe kwamba "tu" maana yake na wewe umo.

Arusi ya Mwanaima ilikuwa nzuri, kwa habari nilizozipata. Sikwenda. Nilikuwa na kuku anayeatamia, hakuna wa kumwachia.

Sina mengine.

Kulthumu


Nachingwea, 2 Julai 1950

Kwa Kulthumu,

Mimi mzima, na nimefunga, na leo sina mzaha, kwa hiyo kaa mkao wa kusikiliza.

Nimezipanga barua zako kitandani. Ya Februari ina Ruangwa, ina Malolo, ina mvua kwenye mihogo ya watu. Ya Aprili ina kinu, mkorosho wa uani na tundu la ukuta. Ya Juni ina kuku. Na huyo kuku ameatamia tangu Aprili, binamu. Hata tembo angekuwa anakaribia kuzaa. Kulthumu, ni tangu lini hujatoka nje ya ua?

Bi Mpima ni mimi, kama ulivyojua hata kabla ya kuniuliza. Na mwendo ni wako. Sikuuchukua ili kukutukana. Mara ya kwanza ilikuwa mchana mmoja wa mvua, hakuna kazi, watu wamenuna, mtu akasema Mbaruku tuchekeshe. Nikasimama nikatembea, na miguu yenyewe ikachagua mwendo huo. Kambi nzima inacheka, nami naiona njia ya kisimani, wewe mbele na ndoo, mimi nyuma. Niliona nyumbani, Kulthumu, ndipo nikarudia Jumamosi iliyofuata, na ile nyingine. Kwamba wimbo ungepanda lori na kufika huko kabla ya sukari ya mama, hilo sikulifikiri, na ningepaswa kulifikiri.

Wahenga wana lao, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nitaacha. Jumamosi sipandi kuchekesha. Mwambie mjomba amri yake ni njema, ila amtoe Akida.

Binamu yako,
Mbaruku


Nandagala, 23 Julai 1950

Kwa Mbaruku,

Idi imepita, tumekula, hatukukusaza kwa dua wala kwa kukusengenya. Sukari imefika. Mama yako ameificha mahali ambapo yeye mwenyewe hapakumbuki.

Nani alikuambia uache? Nimekasirika na barua yako kuliko nilivyokasirika na wimbo. Nilipolala na mguu huu mwaka mzima, watu wote walikuja kunihurumia, wakainama, wakasema hujafa hujaumbika, wakaenda zao. Wewe peke yako ulikuja na kijiti ukaniandikia herufi chini, na nilipokosea ukaniita mjinga. Nilipoanza kutembea ulinifuata kisimani ukipiga hatua kama zangu, nami niligeuka nikakumwagia maji nikakuita Pengo. Tukawa sawasawa. Huo ndio utani, Mbaruku, na mimi niliupenda.

Sasa wewe umechukua utani wetu ukawagawia watu wasio watani wangu. Watoto wanatoka nyuma ya nyumba, "Pima, Bibi, pima!" Si watoto wabaya, wengine nimewapakata. Lakini nikigeuka namwagia nani maji? Nimwite nani Pengo? Nyuma yao wako vijana waliorudi kambini, na nyuma ya vijana iko kambi nzima ya watu nisiowajua wanaonijua mimi. Nilijikaza, nikachoka, nikaanza kumtuma mtu maji. Ni tangu Machi, ulitaka kujua. Usiku nililia, mchana nilikuandikia habari za paka.

Nilidhani amri ya Baba itanitoa ndani. Sasa sikiliza ilivyoanza kazi. Akida hakuingoja ruhusa ya Bwana Shauri, akampa tarishi wake mpya maagizo aanze siku ya Idi. Unamkumbuka Gaudens, seremala Mmakonde aliyevuka kutoka ng'ambo ya Ruvuma, yule aliyeliwa mguu na mamba? Yeye Mkristo wetu huja Idi kula pilau kuliko Waislamu wengine. Alikula, akaingia ngomani na mkongojo wake akicheza na kuuchezesha mguu wa kipande, kama kawaida yake, watu wakacheka naye. Tarishi akamkamata. Akamwambia, "Unaigiza kiwete." Gaudens akasema, "Mimi ni kiwete." Tarishi akasema, "Ndiyo maana unaigiza vizuri."

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na huyu mguu wenyewe ni mmoja. Alilala kwenye ghala la baraza kisha akaachiwa angoje shauri. Shauri ni Jumatano.

Baba hajui, lakini nakwenda.

Kulthumu


Nandagala, 30 Julai 1950

Kwa binamu Mbaruku,

Jibu lako halijafika, nami sikulingoja. Tuko wazima. Kuku, kama bado unamfikiria, aliangua mwezi wa Mei.

Jumatano nilivaa kanga mpya nikatoka. Watoto walinidaka njia panda, wimbo ukaanza. Niliogopa, sikufichi, na mguu ukazidi kuvuta. Sikugeuka. Nilifika barazani na kundi zima nyuma yangu kama bibi arusi anayepelekwa.

Baba aliponiona alianza kufuta miwani yake. Gaudens alikuwa amekaa chini na mkongojo mapajani. Akida Shaban akatabasamu, akasema, "Karibu mwanangu. Bila shaka umekuja kutushukuru."

Nikasema, "Shikamoo Akida. Nimekuja kumtoa Gaudens."

"Lakini amri hii tumeitunga kwa ajili yenu."

"Ndiyo, Akida. Na wa kwanza kufungwa ni mwenzetu."

Wazee wengine wakakohoa. Tarishi akatazama ardhi. Gaudens hakungoja kuulizwa, akasema, "Mguu huu mamba kala. Kilichobaki ni kuucheka, na kuucheka ni kwangu miye. Mkikataza na hicho, basi mamba kala yote."

Akida akaniuliza kama mimi basi nataka watu waigizwe ovyo tu, vilema na wote. Nikamwambia hapana. Nikawaambia yale niliyokuandikia wewe, ila bila kulitaja jina lako, ingawa Baba alikwisha kujua pengo ni la nani. Nikasema mtani hujibiwa. Mtu akiniigiza mbele yangu namrudishia, na waliocheka kwake watacheka kwangu. Akiniigiza nisipokuwapo, mbele ya watu nisioweza kuwafikia, ameniibia. Nikasema sitaki afungwe, nataka zamu yangu.

Baba ndiye aliyenitia kwenye kona. Akasema, "Na bubu je? Na yule kijana wa Malolo anayezungumza na mawe? Huyo naye tumpe zamu ajibu?"

Jibu nililotoa mpaka sasa haliniridhishi. Nikasema huyo mlindeni nyinyi, maana mimi nimekuja kwa mguu wangu mbaya na mdomo wangu mzima, na yeye hawezi kuja. Wakabishana mpaka adhuhuri. Mwisho karani akaandika upya: Mwenye kumwigiza mtu kwenye ngoma ampe zamu ya kujibu, mbele ya watu walewale. Asiyeweza kujibu asiigizwe, na atakayemwigiza atafyeka barabara ya baraza msimu mzima.

Mzee mmoja akauliza kwa upole, "Na Akida, tumwandike upande gani? Anaweza kujibu, au hawezi?"

Akida akasema kwa hasira, "Mimi hakuna mtu wa kunishinda kwa maneno."

"Basi tumfute," akasema mzee, na karani akamfuta.

Gaudens alinisindikiza nyumbani. Miguu mitatu kwa watu wawili, na watoto nyuma.

Baba anakuambia wewe ni mtu wake hata ukiwa Nachingwea, na amri inakuhusu. Mimi nakuambia nakudai zamu. Usiache Bi Mpima. Mwambie anangoja mgeni.

Kulthumu


Nachingwea, 20 Agosti 1950

Kwa Kulthumu binti Bashiri, mshindi wa baraza,

Barua zako mbili zimefika pamoja. Nimezisoma nje, peke yangu, maana bwenini wangeniona. Nilicheka kwa tarishi na nililia kwa paka, nikarudia tena nikalia mahali pa kucheka. Nisamehe. Sina maneno mengine, na wewe unajua mimi maneno huwa hayanipungukii.

Zamu yako nimeipata. Jumamosi ya mwisho ya Septemba, baada ya alasiri, kwenye makasha karibu na karakana, huko ndiko tunakochezea. Mwenye lori la chumvi atawachukua wewe na mjomba. Nimewaambia wenzangu kwamba Bi Mpima atakuwa na mgeni, wananiuliza nani, nasema mtaona.

Ila niambie kidogo, utasema nini? Si kwamba naogopa. Nauliza tu ili niwatayarishe watu. Usiseme habari ya mimi kulia siku ya jando. Usiseme habari ya jongoo. Mengine yote sijali.

Mtani wako,
Mbaruku


Nachingwea, 8 Oktoba 1950

Kwa Kulthumu,

Natumaini mmefika salama na mjomba amekwisha pona kucheka. Mimi mzima kwa mwili.

Wewe ulikuwa juu ya makasha, hukuona niliyoyaona mimi niliyekuwa chini. Ulipopanda, watu walidhani ni mchekeshaji mwingine. Wakapiga kelele, "Pima, Bibi, pima! Huyu anamshinda Mbaruku!" Wewe ukatembea mpaka mwisho wa kasha bila haraka, ukageuka ukasema, "Nimekwisha pima. Sasa nimesimama." Nikaona kicheko kinawatoka usoni mmoja mmoja walipoelewa kwamba mguu ni wa kweli. Yule wa pakiti ya sigara alitazama pembeni. Nikatamani ardhi inimeze, kwa ajili yako na kwa ajili yangu. Ndipo ukauliza, "Mbona kimya? Mimi sijaanza."

Halafu ukaanza. Kulthumu, nani alikuambia? Miaka miwili nimewaandikia kwamba mimi ni dereva, na wewe ukasimama pale ukaning'inia kwenye mlango wa lori lisilokuwapo, ukapiga kiganja hewani, "Rudi! Rudi! Kata kulia! Hapo hapo!" kisha ukajifuta jasho na kuandika barua, "Mama, leo nimeendesha lori peke yangu." Kambi ililala chini. Waliniita hapohapo Dereva wa Mlangoni. Nilicheka nao, na mjomba yuko mbele anafuta ile miwani, nikajua kwamba mama atajua kabla ya jua kuchwa.

Kesho yake nilikwenda mgahawani. Mtu nisiyemjua kabisa akaniambia, "Rudi, rudi!" nami nikarudi kweli, nikalala na njaa. Jumatatu niliomba ruhusa nikasema naumwa. Nilikaa bwenini nahesabu boriti. Mkuki kwa nguruwe. Nami nilikaa siku mbili tu, nikiwa na miguu yangu yote, na nikijua Jumamosi nina zamu ya kukujibu. Wewe ulikaa tangu Machi na hukuwa na zamu. Sasa najua, na nilipaswa kujua bila kufundishwa.

Ni kweli, mimi ni utingo. Mwambie mama kwa upole, au labda amekwisha jua.

Jumamosi jana Bi Mpima alipanda tena. Watu waliuliza, "Na yule mwenyewe atarudi lini?" Nikawaambia yeye hana nafasi, ana kuku.

Binamu yako,
Mbaruku, wa mlangoni


Nandagala, 29 Oktoba 1950

Kwa Mbaruku bin Amri, utingo mashuhuri wa Nachingwea,

Tuko wazima, mabibo yameiva na ua wote unanuka utamu. Mama yako alijua tangu mwaka jana, na ndiye aliyeniambia. Anasema dereva angetuma sukari nyingi zaidi. Baba husimulia habari za makasha kwa kila anayeingia, ila kwake yeye kila mara nimesema maneno mengine, bora kuliko niliyosema.

Nimekwenda Matambarale kumwona Mwanaima. Ana mimba, na mume wake masikio hayajapungua. Nimekwenda Ruangwa. Chumvi nilinunua, sikuisahau.

Usijikunje sana kwa siku zako mbili. Mimi nilipokuwa juu pale na wale watu wamenyamaza, nilitaka kushuka nikimbie, kama ningeweza kukimbia. Nilikutafuta kwa macho nikaona pengo lako, umeachama kama samaki, nikasema basi, mtani wangu yupo. Nisingeweza mbele ya wengine.

Watoto bado wananifuata. Jana niko njiani kutoka kisimani nikasikia nyuma yangu, "Rudi! Rudi! Kata kulia!" Nikageuka. Mmoja alikuwa lori, mwingine amening'inia ubavuni mwake. Wanakosea. Wanapiga kiganja kabla ya kusema rudi, na wewe hupiga baadaye. Nikatua ndoo nikawaonyesha. Wakafurahi, kisha wakatazamana, na yule mdogo akauliza kwa sauti ya chini kama nitakasirika wakifanya na Bi Mpima. Nikamwambia afanye nione.

Alifanya vizuri, lakini kwa makosa yaleyale uliyowafundisha wewe. Mwaka mzima umenitembeza mbele ya Wazungu, nikapimwa na kambi nzima, na hatua ya kwanza huijui. Njoo nyumbani ufundishwe. Wewe huanza na ile ndefu. Mimi huanza na fupi.

Mtani wako,
Kulthumu